Bastola ya Bwana Nyama: kabla hujatoa hela

Mwaka juzi, masika yakielekea ukingoni, nilipigiwa simu na mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Alikuwa amesikia kwamba hapa Ifakara kuna mtu anayenunua vitu vya kale: karabai, mizani za dukani, saa za ukutani, redio za mbao. Mtu huyo ni mimi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nina kitu hapa, Ifakara nzima hujakiona."

Kilikuwa bastola. Marehemu baba yake alikuwa askari wa bwana nyama, kama wazee wetu walivyomwita afisa wa wanyamapori wa enzi ya Mwingereza, yule aliyekuja na watu wake kufukuza tembo wakila mpunga. Bastola ilibaki ndani ya sanduku la bati tangu mzee yule alipofariki. Mwanawe alinieleza ilivyo: nzito, ina duara la matundu sita linalozunguka, na ukibonyeza kitasa pembeni inavunjika katikati kama bunduki ya ndege. Nikajua bila kuiona kwamba ni Webley, bastola ya Waingereza. Mate yakanijaa mdomoni, sitaficha.

Nimeandika haya kwa sababu simu za namna hiyo zinawafikia wengi wetu tunaopenda vya kale. Bonde la Kilombero limepitiwa na bunduki nyingi. Agosti 30, 1905, wakati wa Majimaji, Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani la Mahenge na kukutana na bunduki za rasharasha. Vita Kuu ilipokuja, majeshi yalipita tena humu humu, hadi Wabelgiji walipoingia Mahenge Oktoba 9, 1917. Baada ya hapo wakaja mabwana nyama, wawindaji wa pembe na walowezi. Vilivyoangushwa au kusahauliwa havikuoza vyote.

Swali la kwanza basi si bei, wala aina. Ni hili: kitabu cha leseni kiko wapi? Muulize mwuzaji leseni ya silaha hiyo ni ya nani, na namba iliyoandikwa humo inalingana na iliyochorwa kwenye chuma? Iliwahi kupelekwa kwenye uhakiki wa silaha wa mwaka 2016, ule ambao hata Rais Magufuli alihakikiwa za kwake? Jibu likiwa "ilikuwa ya baba", umeshapata jibu. Silaha hairithiwi kama ng'ombe au shamba la mpunga. Leseni ni ya mtu, na mtu akifa silaha inapaswa kufika polisi kwanza, ndipo mrithi aombe kama anaitaka. Iliyokaa sandukuni miaka 40 bila leseni ni silaha haramu, hata kama haijawahi kuua panya.

Wapo watakaokuambia kwamba kitu cha kale hakihitaji leseni. Hoja hiyo wameiokota nje. Marekani, kwa sheria yao ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa kuwa ya kale. Uingereza, ambako bastola zilipigwa marufuku kwa karibu kila raia mwaka 1997, wanayo orodha ya risasi zilizokwisha kupitwa na wakati, na silaha inayotumia risasi za orodha hiyo unaweza kuipamba sebuleni. Sasa nenda kituo cha polisi Ifakara na hoja ya Marekani uone. Kwetu hata gobole, la kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, hukamatwa na mwenye nalo akafikishwa mahakamani. Ipo pia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, lakini hiyo inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kulindwa kwa kitu hakukupi wewe ruhusa ya kukiweka chini ya kitanda.

Kwa hiyo usiifuate. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wazima wenye akili zao wanapoangukia. Mtu anajisemea, ngoja niione tu, halafu anaikunja kwenye kanga, anaiweka chini ya kiti cha bodaboda na kuvuka nayo mto kwa Daraja la Magufuli, mita 384 za mwendo wa roho mkononi. Akisimamishwa pale, maelezo ya kwamba yeye ni mkusanyaji wa vitu vya kale hayatamfaa. Kesi za silaha huangukia pia kwenye Sheria ya Uhujumu Uchumi, na humo vifungo huhesabiwa kwa makumi ya miaka. Omba picha badala yake: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, na kila mahali penye maandishi.

Tuseme karatasi zipo, mwuzaji ni mmiliki halali, yu hai na ana kitabu. Hapo ndipo mkusanyaji anaanza kazi yake.

Anza na mihuri. Bastola za Webley Mark VI zilianza kutengenezwa 1915, na mwaka wa utengenezaji hugongwa kwenye chuma chenyewe. Mwaka huo una faida kubwa kuliko hadithi yoyote. Mwuzaji akikuapia kwamba babu yake aliipokonya kwa Mjerumani wakati wa Majimaji, nawe unasoma 1917 ubavuni, mshukuru kwa chai uondoke. Ukweli ni kwamba kila chuma cha kale bondeni kwetu ni "cha Mjerumani". Nimeshauziwa cherehani ya Mjerumani iliyotengenezwa Uskochi. Hadithi njema inahitaji shahidi asiyeweza kubadilisha maneno: barua ya ajira ya bwana nyama, picha ya mzee akiwa na silaha kiunoni, kitabu cha zamani cha leseni chenye muhuri. Bila hivyo lipia chuma, hadithi isikilize bure.

Pili, usichanganye ukale na uadimu. Mark VI zilitengenezwa zaidi ya laki mbili. Mauser C96, yenye mpini wa mviringo unaofanana na mpini wa ufagio, ilitengenezwa tangu 1896 hadi 1937, na ikanakiliwa China na Hispania. Winston Churchill alikuwa nayo vitani Omdurman, Sudan, mwaka 1898. Ni mashuhuri, lakini zipo tele duniani. Adimu kweli ni kama Webley-Fosbery iliyotoka 1901. Sehemu yake ya juu hurudi nyuma yenyewe kila risasi inapotoka, na mifereji ya mshazari iliyochongwa kwenye duara hulizungusha tayari kwa risasi inayofuata. Angenitajia hiyo, nisingelala. Lakini ukumbuke kwa nini ni adimu: wanunuzi waliikataa. Ilikuwa nzito, ghali, na haikupatana na tope. Kitu kilichoachwa kutengenezwa mara nyingi kiliachwa kwa sababu, na ukikinunua unainunua na ile sababu.

Tatu, risasi. Wengi huwaza kwamba wao wanakusanya tu, hawapigi, kwa hiyo risasi haiwahusu. Inawahusu. Mark VI inatumia risasi ya inchi .455, karibu milimita 11 na nusu, na Waingereza wenyewe waliiacha njia hiyo wakahamia .38 mwaka 1932. Nchini Marekani risasi zake zilipokuwa shida kupatikana, mafundi walilikata lile duara kwa nyuma ili liingie risasi ya .45 ya kwao, ambayo ina nguvu kuliko ile chuma kilichotengenezewa. Iliyokatwa hivyo ni hatari mkononi na imepoteza thamani mezani. Kama uso wa nyuma wa duara umekwanguliwa hadi mihuri au namba zimekatika, achana nayo. Na ukikuta risasi za kale pamoja na bastola, usizijaribu wala kuzifungua. Nazo zina sheria yake, na za miaka 80 hazitabiriki.

Nne, ambayo watu wa nyanda za juu hawaijui vizuri kama sisi: unyevu. Ifakara maji yako kila upande. Machi hadi Mei shati lililotundikwa haliwezi kukauka, na ukuta wa nyumba nzuri unaota ukungu. Chuma kinaumwa humu. Jifunze kutofautisha kutu mbili. Ile nyeusi ya kahawia, laini, iliyotulia, ni ngozi ya uzee, wakusanyaji huipenda. Ile nyekundu ya ungaunga inayobaki kidoleni iko hai, inaendelea kula. Iangalie hasa ndani ya mtutu na chini ya vibao vya mpini. Chuma kinachong'aa kupita kiasi nacho ni cha kutilia shaka. Mtu aliyekisugua kwa msasa na kukipaka rangi upya amefuta mihuri na nusu ya bei. Namba zilizopo sehemu mbalimbali zilingane, maana bastola iliyoungwa kwa vipande vya bastola tatu ni chombo cha vipuri tu.

Kabla ya yote hayo, asiyejua asiifungue. Aitazame fundi wa silaha, mbele ya mwenye leseni. Bastola nyingi zilizoua watu majumbani ziliitwa tupu.

Sheria inataka uwe na mahali pa kuifungia, na hapo ndipo bajeti ya mkusanyaji hupasuka. Kasha la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani linaweza kukugharimu kuliko bastola yenyewe. Ongeza ada ya leseni ya kila mwaka, na nauli. Ombi linaanzia serikali ya mtaa au kijiji, linapita kamati za ulinzi na usalama, linakwenda wilayani na kupanda hadi mkoani, Morogoro mjini. Kila ngazi utaulizwa silaha ya nini, nawe utasema "ya kutazama". Jiandae kwa nyuso. Muda wote huo silaha inakaa kwa mwenye kitabu au polisi, haikai kwako. Pesa nayo isitoke mkononi mwako kabla kibali hakijatoka, hata kama mwuzaji ni shemeji.

Ukifanikiwa, usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Unapendeza, lakini ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma, na dawa za kusindika ngozi hula chuma pole pole. Mfuko weka kando. Mafuta ya nazi pia usiyatumie, yanaganda. Yale mepesi ya cherehani yanatosha, kitone kimoja kwenye kitambaa, kila mwezi wakati wa masika. Na usimpelekee mchomeleaji wa mtaani aizibe mtutu ukidhani umeifanya pambo. Umeharibu kitu cha kale, na mbele ya polisi bado una silaha.

Swali la mwisho la kujiuliza ni nani atakayeinunua kwako. Karabai ikinichosha nampa mtu yeyote sokoni. Bastola isiyo na risasi, yenye bei ya historia na masharti ya silaha mpya, wanunuzi wake Tanzania nzima huenda wakaenea kwenye kibasi kimoja, na wengi wao hawatakuwa na kibali. Na ukifa wewe, wanao wataachiwa sanduku lile lile la bati.

Ushauri wangu basi hauko katikati. Nunua ikiwa tayari ni mmiliki wa silaha mwenye leseni na kasha, karatasi za mwuzaji ni safi, namba zinalingana, na una ushahidi wa maandishi kwamba kitu hicho kinahusika na bonde hili. Kikikosekana kimoja, usinunue. Hakuna punguzo la bei linaloziba pengo la kitabu.

Ya mzee wa ng'ambo haikuwa na kitabu. Nilivuka mto mikono mitupu, nikakaa naye kibarazani, nikamweleza kwamba serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, na kwamba hata nje ya msamaha ni afadhali atangulie yeye kwa polisi kuliko wao kumtangulia. Asiibebe, nilimwambia, amwite mwenyekiti wa kijiji, polisi waifuate wenyewe hapo nyumbani. Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza kama hawataitupa. Sikuwa na jibu la uhakika, nikamshauri aombe kwa barua ifikiriwe kupelekwa Makumbusho ya Taifa, na barua hiyo tukaiandika pale pale kwa mwandiko wangu, yeye akaweka dole gumba.

Kabla sijaondoka alinipa nione picha ya baba yake: kofia ya pembeni, kaptula, miguu pekupeku, amesimama kando ya fuvu la tembo. Nikaipiga kwa simu. Halafu nikanunua mfuko wa ngozi wa ile bastola, mtupu, kwa shilingi elfu thelathini. Umetundikwa sebuleni kwangu, na kila Aprili naufuta ukungu.