Somo kwa wapiga gitaa: Sauti inaposhuka yenyewe

Hapa Luzira sauti ya gitaa ilishuka ghafla katikati ya ibada, ikarudi, ikashuka tena. Tulimlaumu mpigaji, tukaanza kuchangia kifaa kipya cha efekti. Kabla hamjachanga, pimeni hivi, mkipunguza sauti ya amplifaya kila mnapochomoa waya:

1. Chomekeni gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Sauti ikiendelea kushuka, kifaa cha efekti hakina kosa.
2. Ikitulia, rudisheni kifaa, mbadilishe waya mmoja mmoja.
3. Volti za adapta zilingane na zilizoandikwa kwenye kifaa, na miliampea zake zitoshe.
4. Kanyageni pedali ya sauti polepole. Ikikwaruza, ndani imechafuka.

Kwetu ulikuwa waya uliolegea ndani ya plagi. Tuliulehemu, kisha tukamwomba ndugu yetu msamaha.