Ulikojitia, Ulimkuta Nani?

MPWA: Shikamoo, mjomba. Nimekujia kwa shauri la shamba aliloliacha marehemu baba. Dada amekataa katakata tusiliuze, nami, Mungu ni shahidi wangu, nimejaribu kujitia mahali pake, nikaona lau ningalikuwa yeye ningaliuza tangu jana.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu, kaa kitako. Na huko ulikojitia, ulimkuta dada yako, au ulijikuta wewe mwenyewe umejitanda kanga yake?

MPWA: Sikuyafahamu maneno hayo.

MJOMBA: Basi sikiliza. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Chicago, Shali Wu na Boaz Keysar, walieleza jaribio walilowafanyia Wamarekani na Wachina. Watu wawili walikaa wakikabiliana, kati yao pana rafu ya vijumba vidogo vidogo, na baadhi ya vijumba vimezibwa upande mmoja, hata mwenye kuamuru asione kilichomo, ilhali mwenye kuamriwa anakiona. Akiambiwa asogeze kitu fulani, na mbele yake mna viwili vya jina moja, kimoja wazi kwa wote na kimoja kilichofichika kwa mwenziwe, yampasa akumbuke kwamba mwenziwe hawezi kutaka asichokiona. Wachina walikumbuka upesi. Wamarekani macho yao yalivutwa mno na kile kilichofichika, na wako waliokwenda hata kukishika.

MPWA: Kumbe Wachina wametuzidi akili?

MJOMBA: Hasha! Wamarekani nao walijua vyema kwamba mwenziwao haoni, ila ujuzi huo haukuwajia kwa wakati wake. Asili ya hitilafu, kwa kauli ya wataalamu hao, i katika namna mtu alivyolelewa kujidhania: aliyezoezwa tangu utotoni kuiona nafsi yake kuwa kitu kilichotimia peke yake, huanzia kwake kila anapotazama, na aliyezoezwa kuiona imesukwa pamoja na za wenziwe, mithili ya miyaa ya mkeka mmoja, huangalia kwanza wenziwe wanaangalia wapi, wala hata hajui kwamba anafanya hivyo. Nawe usidhani kuzaliwa pwani katika udugu na ujirani kunatosha kukukinga, kwani miaka michache ya kuhesabu mshahara wako peke yako mjini yaweza kuufumua mkeka huo nawe usihisi. Ukiulizwa u nani, wajibuje?

MPWA: Karani wa bandarini.

MJOMBA: Na dada yako?

MPWA: Yeye husema ni binti wa fulani, mama wa fulani.

MJOMBA: Basi karani alipojitia mahali pa dada yake alikwenda na daftari lake, akaliona shamba kwa bei. Mnazi ule wa kisimani uliatikwa lini?

MPWA: Siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza.

MJOMBA: Nani alikwambia?

MPWA: Sikuambiwa, mjomba. Shimo nililichimba mimi.