SOMO LA AFYA: Juu ya nini dawa moja haiponyi wote sawasawa?

Bamama na bababa wa koperative za Likasi, somo hili ni la homa ya ini C, lakini tunalianzia shambani.

Unapanda mihogo aina mbili kwenye udongo mmoja. Ugonjwa wa mozaiki ukifika, aina moja inakunja majani na kutoa mizizi midogo. Ingine inaendelea vizuri tu. Tofauti iko ndani ya mbegu yenyewe, kwenye jeni zake. Tena virusi vya mozaiki navyo si aina moja, kuna vikali kuliko vingine. Basi tuangalie pande mbili: mmea na virusi. Kwa mtu ni vilevile.

1. Upande wa mtu
Virusi vya homa ya ini C viligunduliwa mwaka 1989. Vinaweza kukaa katika damu miaka mingi bila maumivu, huku vinaharibu ini polepole. Zamani matibabu yalikuwa sindano za interferoni pamoja na ribavirini, mara nyingi kwa wiki 48. Wengine walipona, wengine hapana. Mwaka 2009 watafiti waliona tofauti ndogo karibu na jeni inayoitwa IL28B: wenye aina nzuri walipona karibu mara mbili kuliko wengine. Aina isiyosaidia inapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Si kosa la mgonjwa, wala si kulogwa. Leo kuna komprime zinazopiga virusi moja kwa moja, na tofauti hii haina tena uzito mkubwa.

2. Upande wa virusi
Kwetu Kongo aina 4 ndiyo nyingi, na ina matawi mengi. Mjini Kigali, Rwanda, wagonjwa 300 walipewa ledipasviri na sofosbuviri kwa wiki 12. Asilimia 87 walipona. Lakini kwa wenye tawi 4r, ambalo liko hata kwetu, walipona asilimia 56 tu. Je, ndiyo mwisho? Hapana. Baadaye, wagonjwa 40 wa Rwanda ambao dawa za kwanza zilishindwa walipewa mchanganyiko mwingine wa dawa tatu: 39 walipona.

3. Tufanye nini?
- Maliza komprime zote, hata ukijisikia muzima.
- Wiki 12 baada ya kumaliza, rudi upimwe tena. Omba kipimo cha virusi vyenyewe, kwa sababu kile cha haraka kinaweza kuonyesha alama za zamani hata kama umepona.
- Kama dawa imeshindwa, usikate tamaa na usimeze dawa za rafiki. Mwambie munganga dawa gani ulimeza, na weka karatasi zako.
- Chanjo ya homa ya ini C haipo. Usishirikiane wembe, sindano wala vyombo vya kuchanjia. Kula bukari pamoja na mgonjwa hakuambukizi.

Maswali ya kujadili katika kikundi
a) Mozaiki ikiharibu shamba, tunalaumu mkulima au tunatafuta mbegu ingine? Na mgonjwa asiyepona, tunamsema namna gani?
b) Katika koperative yetu, nani atamsindikiza mwenzetu akienda kupimwa mara ya pili?