Neno Moja la Kiingereza na Maneno Manne ya Kijerumani

Mtoto wa Kiswahili akisikia neno "paa" peke yake, hawezi kujua maana yake. Labda ni paa la nyumba, labda ni paa wa mwituni, labda ndege ataka kupaa. Lakini akiambiwa, "Paa linavuja," hafikiri habari za mnyama hata kidogo, kwa sababu neno la pili limemwonyesha njia. Kila lugha ina maneno ya namna hii, nayo ndiyo yawatiayo mashakani watu wanaofasiri.

Katika Kiingereza liko neno "spring". Asili yake ni kuruka au kutokeza kwa nguvu, na hata leo Waingereza hulitumia kwa kuruka. Watu wao wa kale waliona maji yakitokeza ardhini, wakaiita chemchemi "spring". Waliona majani yakichipua baada ya miezi ya baridi na theluji, wakayaita majira hayo "spring". Tena kamani ya saa, yaani ule utepe wa chuma uliozungushwa ndani yake, ikibanwa hutaka kuruka kurudi ilivyokuwa. Nayo huitwa "spring". Basi neno moja limebeba mizigo minne.

Lugha ya Wajerumani ni ndugu ya Kiingereza, nayo ina neno "springen", lakini maana yake hasa ni kuruka, kama mtoto arukavyo mfereji. Chemchemi huitwa "Quelle". Majira yale huitwa "Frühling", neno lililotoka katika "früh", yaani mapema, kwa kuwa ni mapema katika mwaka. (Hata afasiriye kwa Kiswahili ana mtego wake hapa, maana wengine huyaita majira hayo masika, lakini masika ni mvua kubwa, wala si mwisho wa theluji.) Kamani huitwa "Feder". Hilo ni neno la ajabu, maana ndilo lile lile la unyoya wa ndege, na la kalamu pia, kwa sababu zamani watu walichonga kalamu zao katika manyoya ya bata bukini.

Mfano wa hatari yake ni huu. Mtu wa London ana saa ya mfukoni iliyotengenezwa Glashütte, mji mdogo wa Ujerumani ambako ufundi wa saa ulianza mwaka 1845. Saa hiyo ni ya marehemu baba yake, na kamani imekatika. Hataki fundi mwingine aiguse. Afungua kamusi, atafuta "spring", aona "Frühling" kwanza, aandika upesi: "Meine Uhr braucht einen neuen Frühling." Fundi asoma barua, ajikuna kichwa: kumbe saa hii yahitaji majira mapya ya majani! Hajui kama mwenyewe afanya mzaha au ni mgonjwa. Aandika kuuliza, na majuma yapita, na saa ya marehemu imelala kimya sandukuni. Angaliandika "Feder", au vema zaidi "Zugfeder", jina la kamani kubwa iendeshayo saa, angalieleweka mara moja.

Kamusi nzuri huyataja maneno yote manne, na kando ya kila moja huweka alama: maji, majira, chuma, kuruka. Mwenye kufasiri husoma mpaka mwisho. Kisha huigeuza kamusi, akalitafuta neno la Kijerumani upande wa pili, aone litamrudisha wapi. "Frühling" litamrudisha kwenye majira, wala hatapata chuma. "Feder" litampa unyoya, kalamu na kamani pamoja. Lakini hapo asiogope, maana fundi wa saa akilisoma neno hilo hafikiri habari za bata.