Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuchagua Risiva Inayolingana na Spika Zilizotengenezwa Nyumbani

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kuchagua, bila kubahatisha, risiva itakayofaa kwa spika zilizokwisha kutengenezwa na seremala na fundi redio wa mahali. Somo lisomwe kwa sauti katika kikundi, na kila sehemu ijadiliwe kabla ya kuendelea na inayofuata.

1. Kwa nini jambo hili ni la ushirika

Mkutano Mkuu ndio wenye kauli ya mwisho katika chama. Lakini kauli haiwezi kutolewa na mtu asiyesikia. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 300 waliokusanyika ghalani. Mwenyekiti anasoma pendekezo la kuongeza makato kwa kila kilo ya mazao. Waliokaa mbele wanasikia na kuuliza maswali. Waliokaa nyuma, ambao mara nyingi ni wazee na kina mama waliofika kutoka mbali, husikia mvumo tu. Kura inapoitishwa, wao huwatazama wa mbele na kuinua mikono kama wao. Msimu wa malipo ukifika, malalamiko huanza: "Nani alikubali makato haya?" Muhtasari unaonyesha kwamba wote walikubali, na kumbe nusu yao hawakusikia walichokikubali.

Faida ya kusikiliza kwa pamoja si jambo geni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatenda. Chama chenye chombo kizuri cha sauti kinaweza kuendesha mkutano wake siku moja, na siku nyingine kuwasikilizisha wanachama kipindi cha kilimo.

2. Risiva ni nini

Risiva ni chombo kimoja chenye kazi mbili: kunasa matangazo ya redio, na kukuza sauti hadi iweze kuendesha spika kubwa zilizo nje yake. Haina spika ndani. Nyuma yake kuna matundu ya kuingizia sauti kutoka vyombo vingine, na vishikizo vya kufungia nyaya za spika.

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuanza na risiva. Huvutwa na taa zake na ukubwa wa umbo lake, kipya kinyemi. Spika zikiwa zimekwisha kutengenezwa, hizo ndizo zitakazoamua risiva ipi inafaa. Kwa hiyo kazi huanza nyumbani, na duka hufuata baadaye.

3. Kuzijua spika za chama

Mambo matatu yaandikwe kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajatumwa mjini.

La kwanza ni ukinzani wa spika, ambao hupimwa kwa omu. Spika nyingi ni za omu 8, 6 au 4. Kiasi hicho huandikwa nyuma ya sumaku. Hata hivyo, sanduku la fundi wa kijijini huweza kuwa na spika zaidi ya moja ndani, na ukinzani wa sanduku zima hutegemea jinsi zilivyofungwa. Fundi apime kwenye vishikizo vya nje kwa mita yake. Mita huonyesha kiasi kidogo kuliko kile kilichoandikwa: spika ya omu 8 huonyesha karibu 6 au 7, na ya omu 4 huonyesha karibu 3 na nusu. Hilo si kosa la spika wala la mita.

La pili ni kiasi cha sauti kinachotolewa na spika kwa nguvu ndogo. Hiki hupimwa kwa desibeli, katika umbali wa meta 1, spika ikipewa wati 1. Spika ya desibeli 93 hutoa kwa wati 10 sauti ambayo spika ya desibeli 87 huitoa kwa wati 40. Katibu anapoagiza spika za kuweka katika masanduku mapya, akiulizia kiasi hiki anaweza kukiokolea chama gharama ya risiva kubwa.

La tatu ni nguvu ambayo spika huweza kuistahimili kwa muda mrefu bila kuungua. Hii nayo hutajwa kwa wati, na huandikwa na mtengenezaji.

4. Omu zinapounganishwa

Hapa ndipo risiva nyingi huharibiwa. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba katika upande mmoja wa risiva, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ukinzani unaoonwa na risiva ni omu 4, si 16. Zikifungwa nne sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 2. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo risiva inavyolazimika kutoa mkondo mwingi zaidi. Isipokuwa imeundwa kwa kazi hiyo, itapata moto, itajizima, itaunguza fyuzi, au itaharibika kabisa.

Zikifungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, spika mbili za omu 8 hufanya omu 16. Risiva haitaumia, lakini itatoa takriban nusu ya nguvu ambayo ingeitoa kwa omu 8. Mfuatano ufanywe kwa spika za aina moja tu.

Chama chenye spika nne za omu 8 kina njia mbili za halali: kununua risiva iliyoandikwa waziwazi nyuma yake kwamba inakubali omu 4 kwa kila upande, au kufunga spika mbili mbili kwa mfuatano na kuridhika na nguvu iliyopungua. Risiva nyingi zina swichi ya spika A na spika B. Maandishi ya nyuma yasomwe kwa makini, kwa maana mara nyingi husema kwamba A peke yake iwe omu 4 au zaidi, lakini A na B zikitumika pamoja kila moja iwe omu 8 au zaidi. Anayesoma mstari wa kwanza na kuuacha wa pili ataunguza mali ya chama.

5. Wati ngapi zinatosha

Hesabu yake si ngumu. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 1, mtu aliye umbali wa meta 2 atapata 84, wa meta 4 atapata 78, na wa meta 8 atapata 72. Wati zikizidishwa mara mbili huongeza desibeli 3. Kwa hiyo wati 4 zitamfikishia mtu wa meta 8 desibeli 78, ambazo humwezesha kusikia hotuba vizuri, mradi mkutano una utulivu. Lakini msemaji hapazi sauti kwa kiasi kimoja. Kuna maneno yanayopanda ghafla, nayo huhitaji nguvu ya mara kumi hivi. Hivyo risiva ya kweli ya wati 40 kwa kila upande inatosha kwa mkutano huo. Ndani ya ukumbi uliofungwa kuta husaidia kurudisha sauti, ingawa mwangwi ukizidi maneno hupotea.

Wanachama wengi hudhani kwamba risiva ndogo ni salama kwa spika na kubwa ni hatari. Sivyo wakati wote. Risiva ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti hukwaruza, na ile spika ndogo ya sauti nyembamba huungua. Risiva yenye akiba ya nguvu, ikishikwa na mtu mwenye kiasi, huleta madhara machache zaidi. Alama ya hatari ni sauti kukwaruza. Ikisikika, sauti ipunguzwe mara moja.

6. Maneno yaliyoandikwa kwenye boksi

Mnunuzi asidanganywe na tarakimu kubwa. Baadhi ya vyombo huandikwa wati 1,000 au zaidi pamoja na herufi PMPO. Herufi hizo hazielezi nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo. Udanganyifu wa namna hii ulienea hata Marekani ukawekewa kanuni mwaka 1974, ili nguvu ya vikuza sauti vya nyumbani itangazwe kwa kipimo kinachoeleweka. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: "Ni wati ngapi kwa kila upande, mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi, kwa omu ngapi?" Jibu litafutwe katika kitabu cha maelezo. Risiva za sinema za nyumbani zenye pande tano au zaidi zichunguzwe vivyo hivyo, kwani wati zinazotajwa huweza kuwa zimepimwa upande mmoja tu ukifanya kazi.

Njia nyepesi ya kuutambua uongo ni kutazama nyuma ya chombo. Chombo kinachotumia wati 60 za umeme hakiwezi kutoa wati 500 za sauti mfululizo.

7. Maikrofoni

Risiva nyingi za nyumbani hazina mahali pa maikrofoni. Chama kinaweza kununua risiva nzuri, kikaifikisha ghalani, na mwenyekiti akakosa pa kusemea. Tundu la AUX halikuzi sauti dhaifu ya maikrofoni kiasi cha kutosha, na tundu la santuri hubadili sauti kwa namna isiyofaa maneno. Kinachohitajika ni kichanganyia sauti kidogo, yaani miksa, chenye tundu la maikrofoni. Hicho ndicho kinachoingizwa kwenye AUX. Bei yake iingizwe katika makisio tangu mwanzo. Siku ya mkutano, spika ziwekwe mbele ya maikrofoni zikielekea kwa watu, la sivyo sauti itazunguka na kupiga yowe.

8. Umeme na nyaya

Risiva zilizotumika kutoka Japani huwa za volti 100, na za Marekani volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230 zitaungua. Baadhi zina swichi nyuma ya kubadilisha volti. Zisizo nayo huhitaji transfoma, na gharama hiyo nayo ihesabiwe.

Nyaya za spika zisiwe nyembamba. Spika ikiwa meta 20 kutoka kwenye risiva, mkondo husafiri meta 40 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimeta 0.5 za eneo utaongeza ukinzani wa karibu omu 1.4, na sehemu ya nguvu itapotelea humo. Wa milimeta 2.5 utaongeza chini ya omu 0.3.

9. Majaribio kabla ya kulipa

Chama kiwatume watu wawili pamoja na fundi, nao wachukue spika moja ya chama. Kabla ya kuifunga, risiva iwashwe ikiwa kimya, na mita iwekwe kwenye vishikizo vya spika kwa kipimo cha umeme wa aina ya betri. Ikionyesha zaidi ya sehemu chache za kumi ya volti, risiva ni mbovu na itaunguza spika. Kisha isikilizwe sauti ya mtu akisema, si muziki tu, kwa muda wa nusu saa. Kifundo cha sauti kizungushwe polepole ili kujua kama kinakwaruza. Pande zote mbili zilinganishwe. Kifuniko kiguswe: kupata joto ni kawaida, kuchoma mkono si kawaida.

Nyumbani, kila spika ijaribiwe kwa betri ya volti 1.5, ikiguswa mara moja tu. Upande chanya wa betri ukigusa kishikizo chekundu, koni ya spika kubwa isogee mbele. Zote zisogee upande mmoja. Ikiwa moja inarudi nyuma, nyaya zake zimegeuzwa, na sauti nzito itapotea.

10. Utaratibu wa chama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kamati ipate bei kutoka kwa wauzaji watatu, iandike katika muhtasari sababu za uchaguzi wake, na risiva iingizwe katika daftari la mali za kudumu pamoja na namba yake. Kamati iamue pia mapema kama vyombo vitakodishwa kwa arusi na ngoma. Vikikodishwa, viende na mtu wa chama atakayeshika kifundo cha sauti, kwa sababu usiku mmoja wa muziki uliopita kiasi huweza kumaliza kilichonunuliwa kwa jasho la msimu mzima.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Katika mkutano uliopita wa chama chenu, waliokaa nyuma walisikia yaliyoamuliwa? Waulizwe wenyewe.
2. Spika za chama ni za omu ngapi, na zimefungwa sambamba au kwa mfuatano?
3. Muuzaji anatoa risiva ya wati 50 kwa omu 8, isiyokubali chini ya omu 6. Chama kina spika nne za omu 8. Je, inunuliwe? Zitafungwaje?
4. Mbali na risiva yenyewe, ni gharama gani nyingine zinazopaswa kuingizwa katika makisio?