Homoni na Malaria ya Ndege

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba malaria huenezwa na mbu. Je, wajua kwamba ndege nao huugua malaria? Mwaka 1898 daktari Ronald Ross, akiwa Calcutta nchini India, alithibitisha kwa kuchunguza ndege kwamba mbu ndiye aambukizaye maradhi hayo. Vimelea vya ndege ni vya aina nyingine, navyo havimdhuru binadamu.

Mbu mwenye vimelea amwumapo shomoro, vimelea huingia mwilini mwake. Baadaye huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huongezeka humo na kuzipasua. Shomoro hupungukiwa damu, hunyong'onyea, na huenda akafa. Hata akipona, mara nyingi vimelea vichache hubaki vimejificha. Katika nchi za baridi, wakati ambapo mbu wametoweka, waweza kuitazama damu yake kwa hadubini usione kimelea hata kimoja.

Majira ya baridi yaishapo, mchana hurefuka. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa homoni, na ndege hujiandaa kutaga. Homoni ni kemikali itolewayo na tezi na kusafirishwa na damu hadi sehemu nyingine za mwili. Ajabu ni kwamba wakati huohuo vimelea hutokea tena katika damu.

Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani walieleza majaribio yao juu ya jambo hili. Waliwapa shomoro waliokuwa na vimelea homoni iitwayo kotikosteroni. Vimelea viliongezeka. Homoni hiyo hutolewa na tezi zilizo karibu na figo, hasa ndege apatapo njaa, hofu au kazi nzito. Humpatia nguvu upesi. Lakini ikizidi kwa siku nyingi, hudhoofisha kinga ya mwili.

Sasa mfikirie shomoro alishaye makinda. Hutafuta wadudu tangu asubuhi hadi jioni, huku adui aliyejificha akiamka ndani ya damu yake. Mbu nao wamekwisha kurudi. Wakimwuma mzazi, waweza kupeleka vimelea kwa makinda, ambao miili yao haijapata kupigana na maradhi hayo.

Zoezi

1. Homoni hufikaje mahali inapofanya kazi?
2. Kotikosteroni humsaidiaje ndege? Humdhuru vipi?
3. Kimelea hupata faida gani kwa kutokea katika damu wakati mbu wamerudi, wala si wakati wa baridi?