SOMO: MAUMIVU YA MFANYAKAZI NA TANGAZO LA DAWA



Katika mkutano wa tawi uliopita mama mmoja mchuma chai alisimama akasema mwili wote unamwuma, shingo, mabega, mgongo mpaka magoti, na usiku hapati usingizi. Dresa wa shamba alimtazama akasema haoni kitu. Nyapara akamwita mvivu. Ndipo kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha tangazo la zamani kidogo la dawa, kutoka Marekani: mwanamke anaumwa kama yeye, kisha amepata dawa na anacheka. Wengi wakauliza kama dawa hiyo inafaa kununuliwa. Tukaona tuifanye habari hii kuwa somo.

Ugonjwa uliotajwa huitwa fibromialgia. Ni maumivu ya mwili mzima ya miezi mitatu au zaidi, pamoja na uchovu na usingizi mbaya. Hakuna kipimo cha damu wala eksirei inayouonyesha. Daktari hana budi kumsikiliza mgonjwa. Kwa sababu hiyo madaktari wengi walisema ni mawazo tu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka kanuni: mgonjwa aumie akibonyezwa mahali 11 katika 18 mwilini. Dakta Frederick Wolfe, aliyewaongoza, baadaye aligeuka akasema huo ni mwili unaojibu dhiki, huzuni na wasiwasi wa uchumi. Tuliposoma hayo tulitazamana. Mwenye wasiwasi wa posho, je, haumwi?

Juni 2007 serikali ya Marekani iliikubali Lyrica ya kampuni ya Pfizer kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo. Matangazo yakajaa katika televisheni, maana Marekani na New Zealand sheria inaruhusu kampuni kumtangazia mwananchi dawa ya kuandikiwa na daktari. Watu wakasema: kampuni imebuni ugonjwa ipate kuuza vidonge.

Hapo tuwe macho, ndugu. Tamaa ya kampuni haimfanyi mgonjwa kuwa mwongo. Maumivu yalikuwapo kabla ya tangazo, na Shirika la Afya Duniani limeuandika ugonjwa huu katika orodha yake. Anayecheka tangazo asimcheke na mama yetu, maana atakuwa anamsaidia nyapara kazi yake.

Tangazo nalo lipimwe. Uchunguzi wa dawa hii uliokusanywa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, ukiwalinganisha na waliopewa vidonge vitupu, waliopungukiwa sana na maumivu walizidi kwa kama mtu mmoja tu katika kila kumi. Waliobaki walipata nafuu ndogo, au hawakupata. Dawa huleta kizunguzungu, usingizi, kuvimba miguu na kuongezeka uzito. Fikirini mtu wa mashine ya kukata majani anayesinzia! Tena haifai kuiacha ghafula. Mwaka 2009 Pfizer ilikubali kulipa dola bilioni 2.3 kwa kutangaza dawa nne kwa matumizi yasiyoruhusiwa, na Lyrica ilikuwa mojawapo.

Madaktari wa viungo wa Ulaya, katika ushauri wao wa 2016, walikazia sana jambo moja tu: mazoezi ya mwili, kidogo kidogo, yakiongezwa polepole. Meneja asije akasema kubeba kikapu cha chai mlimani ni mazoezi. Mazoezi mtu hupumzika akichoka.

Mama yule tumemwandikia barua aende hospitali ya wilaya apimwe damu na viungo kwanza, maana maumivu ya namna hii huweza kutokana na tezi ya shingo au baridi yabisi, na hayo yana vipimo. Vidonge asinunue dukani. Barua ya pili imekwenda kwa meneja, kumwombea kazi nyepesi ya kuchambua majani bila kukatwa mshahara mpaka majibu yatoke. Tunapopiga chapa gazeti hili meneja bado hajajibu.